Kunakili Juan de Pareja wa Velázquez: kisa cha mchoraji wa penseli ambaye ngozi nyeusi ilikuwa inamtokea kijivu

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna dada mmoja hapa Dar, fundi kweli wa penseli, watu wanamletea picha za harusi, za watoto, za wazee waliotangulia, anawachorea na sura inatoka mwenyewe kabisa. Akaamua kuhamia rangi za mafuta, na kazi ya kwanza ya maana akamkalisha mjomba wake, mzee mweusi wa kung'aa. Kufanana alifanana, macho yale yale, pua ile ile, ila ngozi ikatoka imepauka, ya kijivu, haina damu. Mjomba akaiangalia weee, akasema, "Mama, mbona umenitoa kama nimetoka mashineni kusaga?"

Aliponiletea ile picha nilimuuliza kitu kimoja tu, amechanganyaje ngozi. Akasema kachukua brauni ya kwenye tyubu, sehemu za mwanga kaongeza nyeupe, sehemu za kivuli kaongeza nyeusi. Hapo ndo palipokuwa na tatizo lote, na naliandika hili kwa kirefu kwa sababu nimeona wachoraji wengi wetu wanakwama hapo hapo afu wanakata tamaa, wanarudi kwenye penseli wakidhani rangi za mafuta zina wenyewe.

Nyeupe inayouzwa kwenye tyubu nyingi siku hizi ni ya titani, ina nguvu sana na ni ya baridi, yaani inaelekea ubluu badala ya wekundu na unjano, ambazo ndo rangi za joto. Ukiitia kwenye brauni haikupi brauni yenye mwanga, inakupa brauni yenye chokaa. Na nyeusi ukiitia kwenye rangi ya ngozi inazima kila kitu, na kama ndani kuna njano kidogo unaanza kuona ukijani, uso unakuwa wa mgonjwa. Kwa penseli hili halimpati mtu kwa sababu penseli ina njia moja tu, kutoka karatasi nyeupe kwenda giza. Rangi ina mambo mawili kwa pamoja, kuna mwanga na giza, afu kuna joto na baridi, na yeye alikuwa anaendesha moja tu. Video za mtandaoni nazo hazikumsaidia maana nyingi alizokuwa anafuata zinafundisha ngozi ya mzungu, weka nyeupe, weka nyekundu kidogo, weka njano, umemaliza. Mjomba wake hayuko humo.

Nikamwambia acha kwanza kuchora watu, nakili picha moja ya zamani, moja tu, mpaka uielewe. Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia yule binti mwenye hereni ya lulu wa Vermeer, mchoraji wa Uholanzi wa zamani, na naipenda sana ile picha, ila kwa shida aliyokuwa nayo huyu dada ingekuwa ni kumpa dawa ya ugonjwa mwingine. Nilimpa picha ya Juan de Pareja, aliyechorwa na Mhispania Diego Velázquez huko Roma mwaka 1650, ambayo sasa iko makumbusho ya Metropolitan, New York. Ukubwa wake ni kama sentimita 81 kwa 70, kuanzia kiunoni kwenda juu, jamaa kasimama amegeuka ubavu kidogo, mkono mmoja kaukunja mbele ya mwili, kola nyeupe ya lesi, na anakuangalia usoni moja kwa moja.

Inabidi umjue huyu mtu ndo uelewe kwa nini picha ina uzito. Pareja alizaliwa Antequera, kusini mwa Hispania, mwenye asili ya Kiafrika, na alikuwa mtumwa wa Velázquez mwenyewe, anafanya kazi kwenye karakana yake. Sisi watu wa pwani tunajua neno hilo lina maana gani, kwa hiyo sitalipamba. Velázquez alikwenda Italia kununua kazi za sanaa kwa ajili ya mfalme Felipe wa Nne, akaenda naye, na kabla hajamchora Papa Innocent wa Kumi akaona apashe mkono kwanza, akamchora Pareja. Palomino, aliyeandika habari za wachoraji wa Hispania mwaka 1724, anasimulia kwamba Pareja mwenyewe alitumwa kuipeleka picha kwa marafiki waione, wakawa wanamtazama yeye, wanaitazama picha, hawajui wamsemeshe nani. Tarehe 19 Machi 1650 ikaonyeshwa pale Pantheon, hekalu la kale lililogeuzwa kanisa, Roma. Novemba mwaka huo huo Velázquez akasaini hati ya kumwacha huru, kwa sharti la kutumika miaka 4 mingine, na baadaye Pareja akawa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Picha yake kubwa ya mwaka 1661, ya kuitwa kwa Mtakatifu Mathayo, iko kwenye makumbusho ya Prado pale Madrid, na amejiweka humo humo, pembeni kushoto, anatutazama, kashika karatasi yenye jina lake. Yaani huyu aliyekuwa anasaidia kazi za karakana ya mwenzie alijifunza ufundi akiwa palepale. Dada yule aliposikia hii habari alikaa kimya, afu akasema basi kaka, hii nitaifanya vizuri.

Cha kushukuru ni kwamba picha unaipata bure. Tangu mwaka 2017 Metropolitan imeweka picha za kazi zake zisizo na hakimiliki wazi kwa mtu yeyote, unapakua kwa ukubwa ambao unazuumu mpaka unaona mpigo wa brashi mmoja mmoja. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu wa Dar au Mombasa ambaye hajui lini atasimama mbele ya picha yenyewe.

Sasa kazi ilivyokwenda.

Akaenda steshenari kuprinti, ikatoka nyekundu nyekundu na vivuli vyote vimekuwa kitu kimoja cheusi. Hii ni kawaida, printa za steshenari hazijatengenezwa kwa kazi hii. Simu nayo inadanganya kwa namna yake, inawaka yenyewe, kwa hiyo sehemu za mwanga zinang'aa kuliko rangi yoyote itakavyoweza kung'aa kwenye kitambaa, na wewe unaifukuzia ile mng'ao kwa kuongeza nyeupe, unarudi kulekule kwenye unga. Tulichofanya, ile printi ikawa ya kupimia tu, gridi (mistari ya miraba) na umbali wa macho na pua, tableti ikawa ya rangi lakini mwanga wake umepunguzwa mpaka karatasi nyeupe ikiwekwa pembeni zinakaribiana, na tukatoa nakala nyingine ambayo haina rangi kabisa, ya kuangalia giza na mwanga peke yake. Hiyo ya tatu ndo ilifanya kazi kubwa kuliko zote.

Kitambaa alikuwa anatumia marekani iliyopigwa misumari kwenye fremu na kupakwa rangi ya maji ya ukutani, kama wanavyofanya wengi. Kwa akriliki, ile rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, inapita. Kwa rangi za mafuta inakusumbua, kitambaa kinanyonya mafuta, rangi inabaki kavu imefifia, leo umeweka giza zuri kesho limekuwa kijivu, na wewe unadhani umekosea kuchanganya kumbe kitambaa kimekula mafuta. Afu mafuta ya kitani yakifika kwenye uzi moja kwa moja yanaozesha kitambaa taratibu. Nikamwambia apake jeso, ile rangi nyeupe ya kuandalia kitambaa, safu zaidi ya moja, kila safu ikikauka anapitisha msasa laini. Juu yake akapaka amba, rangi ya udongo wa brauni, iliyolainishwa kwa tapentini, nyembamba, ili asianze kwenye weupe. Kwenye kitambaa cheupe kila rangi inaonekana giza kuliko ilivyo, unaishia kuipausha. Kwenye kitambaa cha brauni unaiona rangi kwa haki yake. Na huu uso ni wa brauni, kwa hiyo nusu ya kazi iko chini tayari.

Rangi tukampunguzia. Velázquez alitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni ya joto kidogo na inavutika chini ya brashi, lakini ni sumu na sitamshauri mtu anayepaka sebuleni kwake na watoto wanapita. Akabaki na nyeupe ya titani ila kila mara inapozwa makali kwa oka, rangi ya udongo wa njano, kabla haijagusa kitu kingine. Oka yenyewe, siena iliyochomwa (udongo wa brauni nyekundu), amba iliyochomwa, nyekundu moja ya kadimi kusimama badala ya zingefuri, ile nyekundu ya zebaki ya wachoraji wa zamani, na nyeusi ya mfupa. Basi. Brauni ya tyubu nilimwomba aiweke kabatini.

Siku alipoanza alifanya kile ambacho kila mtu wa penseli atafanya, akaanza na jicho. Jicho likatoka zuri, akahamia la pili, akashuka puani, na kadiri anavyoshuka vitu vinazidi kukataa kukaa pamoja, maana alikuwa anaamua giza la kila sehemu bila kuwa na kitu cha kulilinganisha nacho. Kwa penseli unaweza kwenda hivo, unajaza kuanzia kona moja. Rangi ya mafuta haikubali. Alifuta yote kwa tambara, na uzuri wa mafuta ni kwamba bado ni mbichi, unafuta hakuna hasara, akaanza upya na brashi pana ambayo hawezi kuchorea jicho hata akitaka. Vipande vikubwa tu. Nywele na mandhari ya nyuma, upande wa kivuli wa uso, upande wa mwanga, nguo, kola. Hakuna macho. Ukirudi nyuma hatua tano ukikunja jicho unaona mtu kasimama pale, na bado hana hata kope.

Sehemu inayofuata ndo kiini cha kisa kizima. Nilimkatia tobo dogo kwenye karatasi ya kijivu, akaliweka juu ya tableti kwenye ule mng'ao wa paji la uso wa Pareja, ili aione rangi hiyo peke yake bila uso kuzunguka. Akashangaa. Si nyeupe, wala si brauni, ni rangi ya njano-pinki iliyopauka ambayo peke yake usingesema ni ya ngozi nyeusi. Akasogeza tobo kidogo pale ambapo mwanga unaanza kugeuka kwenda kivulini, akakuta kijivu, kabisa, kijivu cha baridi. Akasogeza tena mpaka ndani ya kivuli, akategemea kukuta nyeusi, akakuta brauni nyekundu yenye joto, kama shaba iliyozama. Kwa hiyo mwanga una joto lake, katikati pamepoa, kivuli kinarudi kwenye joto. Huo ndo mwendo wa uso mzima. Kile kijivu kilichomharibia mjomba hapa kipo, ila kimewekwa kamba nyembamba mahali pake, kati ya joto mbili, na kwa sababu kiko hapo ngozi inaonekana inazunguka na ina nyama. Yeye alikuwa amekimwaga uso mzima.

Akachanganya mafungu pembeni ya paleti kabla ya kugusa kitambaa. Kila fungu analipaka kwenye ukingo wa kadi nyeupe, anaisogeza kadi kwenye tableti, analinganisha, anarekebisha. Kazi ya kuchosha, inakula jioni nzima na huoni picha ikisogea. Lakini mafungu yalipokuwa sahihi, kupaka kwenyewe kulikuwa kwepesi. Fungu la mwanga lilikuwa nyeupe na oka nyingi kuliko alivyodhani, na siena, na nukta ya nyekundu. Fungu la kivuli lilikuwa siena na amba, nyeusi kidogo mno, nyeupe hakuna kabisa. Hilo la mwisho liandikeni ukutani kama mna ukuta, kivuli cha ngozi nyeusi ukikitia nyeupe umekiua.

Tukaja kugombana kidogo kwenye kulainisha. Mtu wa penseli kazoea kusugua kwa tishu mpaka mstari unapotea, kwa hiyo kila akiweka mpigo anachukua brashi laini anausugua, na shavu likawa la plastiki. Nikamwambia zuumu uone jamaa kafanya nini. Kwenye paji la uso rangi ni nzito, unauona unene wake, mpigo umekaa juu ya mwenzie haujasuguliwa. Kwenye kivuli rangi ni nyembamba. Kola ya lesi ukiisogelea hakuna lesi pale, kuna mipigo tu ya haraka, ukirudi nyuma inakuwa lesi. Na nywele hazijachorwa unywele mmoja mmoja, zimeyeyuka kwenye mandhari, huwezi kusema kichwa kinaishia wapi hasa. Weka, acha. Ukikosea kwangua, usisugue.

Nikienda kwenye macho, hapa kuna kitu kidogo ambacho kinaharibu picha nyingi sana za kwetu. Weupe wa jicho sio mweupe. Kwenye hii picha kitu cheupe kuliko vyote ni kola, na ukiweka kadi yenye rangi ya kola karibu na jicho la Pareja unaona jicho liko mbali sana chini, ni kijivu-brauni. Dada alikuwa ameyapaka meupe, na mtu wake akawa anaonekana kashtuka, kakodoa. Alipoyashusha, ule mtazamo ukarudi, ule mtazamo uliotulia wa mtu ambaye kisheria ni mali ya anayemchora na bado anamtazama kama mtu sawa naye. Mimi kila nikiiona hii sura napata heshima mpya kwa wote wawili, aliyesimama na aliyeshika brashi, ingawa wa kwanza namheshimu zaidi.

Nguo hazikumpa shida, ni kijivu chenye ukijani kilichozama. Kwenye kiwiko kuna mahali nguo imechanika, Velázquez hakuificha, na yeye pia aliiweka.

Kuhusu kukauka niseme machache maana watu wanauliza sana. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kupotea, inakauka kwa kuvuta hewa, kwa hiyo kuianika juani ili iwahi sio dawa. Amba inawahi kukauka kwa sababu ina manganizi ndani, nyeusi ya mfupa inachelewa, kwa hiyo usiweke nyeusi nene chini halafu amba juu, ya juu itakauka kabla ya ya chini na itapasuka. Safu za chini ziwe na tapentini zaidi na mafuta kidogo, za juu ndo ziongezwe mafuta. Tapentini ifanyiwe kazi madirisha yakiwa wazi. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani msivikunje mkavitupa kwenye kona, vinaweza kupata joto vikawaka vyenyewe bila kiberiti, hili ni la kweli kabisa, vitandazeni vikauke au viloweke kwenye maji kabla ya kutupa.

Nakala ilipokamilika ilikuwa kichwa na kola tu, kwa ukubwa wa halisi, mkono hakuugusa. Ilifanana? Kiasi. Taya ni nene kuliko ya Pareja na jicho moja limepanda kidogo. Wenzake kwenye kundi wakamwambia mbona haijafanana sana, na hapo mimi natofautiana nao kabisa. Kufanana alikuwa nako tangu zamani, penseli ilishampa. Alichokuja kutafuta hapa ni ngozi, na ngozi ilikuwepo. Nakala ya mazoezi ipimwe kwa kile ulichokuwa hukijui, sio kwa kipimo cha mtu anayetaka kuibandika ukutani.

Kipimo chenyewe kilikuwa mjomba. Akamkalisha tena, safari hii pembeni ya dirisha moja, taa za ndani zimezimwa, hakuna picha ya simu, mtu mwenyewe. Nilikuwepo. Nikamwona anakunja jicho, anachanganya mafungu kwanza, anamsogezea mjomba kadi usoni mpaka mzee anauliza unanipima nguo? Mwanga wa dirishani ni wa baridi, sio kama wa kwenye ile picha, kwa hiyo mng'ao wa paji la uso la mjomba ulikuwa una ubluu, na kivuli chake kikawa chekundu zaidi. Angekuwa amekariri rangi za Velázquez angeshindwa hapo. Alikuwa amejifunza kulinganisha, kwa hiyo akabadilisha mafungu. Pua ilitoka ndefu kidogo kuliko ilivyo, na mzee kasema haimsumbui, kaichukua kaiweka sebuleni, ile ya kwanza akarudisha.

Kuna wanaosema kunakili kunaua ubunifu, kwamba msanii wa Kiafrika anakwenda kujifunza kwa Wahispania wa karne ya 17 ili iweje. Hoja yao naielewa, kuna shule zimewafanya watu wawe vivuli vya Ulaya. Lakini mwaka 1628 mchoraji Rubens, mtu wa miaka 50 na ushee, jina lake linajulikana Ulaya nzima, alikwenda Madrid kwa kazi za kidiplomasia akakaa kunakili picha za Titian, mchoraji wa Italia aliyemtangulia, kwenye mkusanyo wa mfalme. Adamu na Hawa yake iko Prado pamoja na ile ya Titian, na ukiziangalia unaona kambadilisha Adamu mkao na kaongeza kasuku. Makumbusho ya Louvre, Paris, nayo imeruhusu watu kunakili ndani tangu ilipofunguliwa 1793, na masharti yao ni kwamba ukubwa wa nakala usilingane na wa halisi ili isije ikauzwa kama ndo yenyewe. Kunakili ni kazi ya karakana, kama fundi seremala mchanga anavyotengeneza kiti cha mkubwa wake. Na kwa hii picha hasa, sura iliyoko pale ni ya mtu mwenye asili ya kwetu ambaye naye alitoka karakanani akawa mchoraji. Sioni kwa nini tuwaachie wengine peke yao.

Nyuma ya kitambaa dada kaandika kwa penseli kwamba ni nakala kutoka kwa Velázquez, kichwa tu, na mwaka, ili kesho isije ikamchanganya mtu. Kuna mteja alitaka kuinunua, kisheria hakuna tatizo kwa sababu picha haina hakimiliki, ila amekataa kwa sasa, anaihitaji pembeni ya easeli (kile kisimamio cha kitambaa) akiwa anachanganya. Sasa hivi yuko kwenye ule mkono uliokunjwa, na vidole vinamsumbua kuliko uso wote.